Kufuli la Friji

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla sijaeleza lolote naomba nitangaze mbele yako na mbele ya wasomaji wako wote, kwa akili timamu na bila kushurutishwa na mtu yeyote, kwamba kiazi cha kuchemsha kilichotoweka katika friji ya nyumbani kwetu Jumanne ya wiki iliyopita nilikila mimi. Nilikila kikiwa baridi, bila chumvi, nikiwa nimesimama, mlango wa friji umeniegemea begani. Hakuna mtu mwingine aliyehusika na kiazi hicho.

Najua unacheka. Usicheke haraka, kwa sababu kuna mtu mzima anakunja nguo zake kwa ajili ya kiazi hicho, na mtu mwenyewe ni mama mkwe wangu.

Mimi ni fundi wa friji. Siku nzima naingia majikoni mwa watu, napiga magoti mbele ya friji zao, natoa vitu vyao navipanga sakafuni, nyanya hapa, maziwa pale, sufuria la maharage ya juzi ambalo mwenye nyumba analikana mbele yangu kana kwamba limeingia lenyewe, na kwa kuwa friji ikizimika jambo la kwanza analofanya mtu ni kupika kila kilichomo kabla hakijaoza, basi kila nyumba ninayoingia, mshauri, mimi nakuta karamu. Nyama yote inapikwa siku hiyo, samaki wote wanakaangwa, na mwenye nyumba, akiwa na huzuni nyingi na chakula kingi kuliko walaji, ananigeukia na kusema, "Fundi, karibu chakula." Nami najibu, "Asante mama, nimeshiba." Sijashiba. Sijawahi kuwa nimeshiba saa hizo tangu nianze kazi hii.

Si kwamba naringa. Yule bwana aliyenifunza kazi, tuliyemwita Mzee Gesi, alinipa masharti mawili tu: usishike waya kwa mkono uliolowa, na usile kwa mteja. "Ukila wali wa mtu," alikuwa akisema, "siku ya malipo atakukumbusha mchuzi." Sharti la waya nililisahau mara moja, nalo likanikumbusha lenyewe. La chakula sijalisahau hata siku moja.

Sasa utaniuliza, je, asubuhi huli? Sili, kwa sababu asubuhi nina haraka, chai nakunywa huku nafunga kamba za viatu, mke wangu anasema, "Mkate huo hapo, baba," nami nasema nitakula huko mbele, na huko mbele ndiko kwenye ile "nimeshiba" yangu. Ikifika alasiri mikono inatetemeka, skrubu ndogo zinanikimbia, nakuwa mkali kwa watu ambao hawajanikosea, juzi nilimfokea bwana mmoja kwa sababu friji yake ina milango miwili. Na mwezi uliopita yalinifika makubwa zaidi. Nilikuwa kwa mama mmoja, mwalimu mstaafu, mwenye masikio makali kama ya paka, nimelala kifudifudi nyuma ya friji yake, waya sijaunganisha hata mmoja, mara nasikia anapiga makofi.

"Haya! Imeanza kunguruma! Fundi, Mungu akubariki!"

"Mama, bado."

"Bado nini na mimi naisikia? Hiyo hapo tena!"

Mshauri, friji ilikuwa haijachomekwa. Lilikuwa tumbo langu. Nikaunganisha waya, nikapokea shukrani, nikaondoka. Kesho yake akanipigia simu kulalamika kwamba friji inagandisha vizuri sana, lakini ule mngurumo mzuri umepotea, na kama ni kifaa nimekichomoa nikirudishe.

Zamani nilikuwa nikirudi nyumbani jioni nakula cha asubuhi, cha mchana na cha jioni kwa mkupuo mmoja, nakula kama mtu anayehama, kisha nalala hapohapo kwenye kochi, na mke wangu alikuwa amezoea, alikuwa anapita juu ya miguu yangu kama anaruka mtaro. Lakini mwezi huu mama yake amekuja kwetu kutibiwa macho, na jioni tunakaa mezani watatu, na mimi, mshauri, mbele ya mama mkwe nitakulaje vile? Akirudi kwao akasimulie kwamba binti yake ameolewa na shimo? Basi najipakulia vijiko vichache, nakula taratibu kama mtu wa benki, naweka kijiko chini, nasema, "Nimeshiba, asanteni." Na mama mkwe naye ana adabu zake, hataki ionekane kwamba amekuja kumaliza akiba ya mkwe, akinisikia tu nimeshiba naye anasukuma sahani, "Na mimi mwanangu nimeshiba, mwili wa kizee hauhitaji mengi." Mke wangu anabaki peke yake anakula, na sisi wawili tunamtazama kila kijiko kinavyopanda, mpaka siku moja akasema, "Mnanitazama mimi au mnautazama wali?"

Baada ya hapo mke wangu anaenda kuoga, mama mkwe anaenda chumbani kutia dawa ya macho, nami naenda kukagua friji. Nasema kukagua kwa sababu ndivyo ninavyojiambia. Nafungua mlango, natia mkono ndani kupima ubaridi, mkono ukiwa humo unakutana na kitu, kile kitu kinapanda mdomoni, mkono unarudi kupima tena. Viazi, wali uliolala, samaki aliyewekwa kwa ajili ya kesho, nusu kitunguu, hata kitunguu, mshauri, sibagui isipokuwa mayai ambayo tangu utotoni nikiyala natokwa na vipele. Naacha kukagua nikisikia maji ya bafuni yamekatika. Nalala na tumbo limejaa kama ndoo, naamka sina hamu hata ya kuuona mkate, nakunywa chai ya viatu, na gurudumu linaanza upya.

Mke wangu ni mshonaji. Jicho lake ni tepe ya kupimia, akikutazama mara moja anajua kiuno chako, na sahani ya wali akiitazama anajua imepungua upande gani. Akaanza kuniuliza, viazi vya mchana viko wapi, nikasema sijui. Nilisema sijui kwa sababu nilikuwa nimeshasema nimeshiba, na mtu aliyeshiba atakulaje tena? Siku ya pili akauliza samaki, nikasema sijui. Siku ya tatu hakuniuliza. Alisimama katikati ya jiko, mikono kiunoni, akapiga hesabu kwa sauti: "Wali umekwenda. Mayai niliyoyachemsha jana yamekwenda. Wewe unashiba kwa vijiko vitatu. Mimi nakula mezani mbele za watu. Kabaki nani?"

Nikatazama dari. Kabaki mama.

Mshauri, mke wangu si mtu mbaya. Alichokasirikia si chakula, ni kwamba mama yake mzazi anasema ameshiba mbele ya mkwe kisha anakula kwa kujificha, na watu wakijua watasema binti hamlishi mama yake. Basi akamwendea, akasema kwa ile sauti ya upole ambayo ni mbaya kuliko kelele, "Mama, hapa si kwa watu. Ukitaka chakula si useme tu."

"Chakula gani, mwanangu?"

"Nimesema tu, mama."

Mama mkwe akaenda chumbani, mlango akaurudishia taratibu. Kuna mlango unaobamizwa na kuna mlango unaorudishiwa taratibu, na huu wa pili ndio unaouma. Mimi nilikuwa nimekaa sebuleni, nimeshika gazeti, nalisoma kwa bidii. Nafikiri lilikuwa juu chini.

Jumapili mke wangu akaniambia, "Baba, wewe si fundi? Nifungie kufuli kwenye ile friji."

"Kufuli la nini tena?"

"La kufunga. Makufuli yana kazi ngapi?"

"Na ufunguo akae nao nani?"

"Kaa nao wewe. Katika nyumba hii wewe ndiye pekee asiye na habari na chakula."

Nimelinunua, mshauri. Liko ndani ya mfuko wa zana, chini kabisa, lakini kila nikichukua bisibisi linanitazama. Jumatatu mama mkwe akaniuliza, bila kunitazama usoni, basi la Jumamosi linaondoka saa ngapi. Nikasema saa mbili asubuhi. Akasema, "Vizuri. Nisije nikawasumbua." Tangu hapo nguo zake zinakunjwa moja moja. Hajamlaumu mtu, alisema tu kwamba atakachokikumbuka nyumbani kwetu ni taa ya friji, kwa macho yake haya ni mahali pekee anapoona vizuri. Nusura nilie.

Sasa nifanye nini? Nikilifunga kufuli nakaa na ufunguo, mwizi ni mimi na mlinzi ni mimi. Nikisema ukweli nitaonekana mlafi mbele ya mkwe, na mke wangu atajua kwamba nimeshiba zote alizowahi kuzisikia zilikuwa za uongo, aanze kujiuliza na mengine niliyowahi kumwambia. Nisiposema, mama wa watu anaondoka Jumamosi amebeba sifa ambayo si yake. Je, mimi ni mlafi? Nina ugonjwa? Nijibu kabla ya Jumamosi, nambari yangu ya simu nimeiweka chini. Barua hii naiandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi za mteja, ndani wanakula, na wameshanikaribisha mara mbili.

Ni mimi,
Fundi Aliyeshiba

*

JIBU

Fundi,

Ungamo lako la kiazi limepokelewa. Ukurasa huu umeshapokea maungamo ya watu waliouza viwanja vya shemeji zao na ya bwana mmoja aliyeposa ndugu wawili kwa makosa. La kiazi ni la kwanza, na ndilo lililoandikwa kwa heshima kuliko yote.

Tuanze na kufuli, kwa sababu lina haraka. Usilifunge. Mwizi kukabidhiwa ufunguo tumeshazoea kusikia, lakini mwizi kutoboa matundu ya kufuli kwa drili yake mwenyewe, hiyo ni bidii iliyopotea njia. Lirudishe dukani. Wakikataa kulipokea, funga nalo mfuko wa zana.

Umeniuliza kama wewe ni mlafi. Hapana, na usijipe vyeo ambavyo huna. Mlafi ameshiba na bado anaongeza. Wewe unafika jioni ukiwa na kikombe kimoja cha chai ulichokunywa umeinama. Mkono unaoingia kwenye friji saa hizo hauna kosa lolote, unafanya kazi ambayo mdomo ulipaswa kuifanya saa saba mchana. Unajionea aibu kwa kula sana jioni, kumbe aibu ingekuwa na akili ingekuja mchana.

Hebu nikuulize jambo la kazi yako. Mteja akikuambia, "Fundi, mimi friji naizima asubuhi naiwasha jioni, napunguza umeme," unamjibuje? Najua unavyomjibu, kwa sababu fundi wangu alinijibu hivyohivyo, tena kwa dharau. Unamwambia mota itakimbia usiku kucha kufidia, na chakula kitaharibika vilevile. Basi mteja huyo ni wewe. Unalizima tumbo asubuhi, unaliwasha jioni, halafu unashangaa linakimbia. Hata kunguruma limenguruma mbele ya mwalimu mzima, akalisifu.

Na Mzee Gesi usimsingizie. Alikukataza kula kwa mteja. Hakukukataza kula.

Sasa tuje kwenye hilo neno lako. Wote tunalitumia, sitajifanya malaika; nikifika mlangoni kwa mtu nikamkuta kijiko kikiwa mkononi mwake, nami husema nimeshiba, naye anajua sijashiba, na tunaheshimiana. Ni neno la mlangoni. Wewe umeingia nalo ndani, umelikalisha mezani, umelilaza kitandani. Kwa mteja ni adabu. Mbele ya mke aliyesimama jikoni akakupikia, ni tusi dogo lililovaa tai. Na kwa mgeni ni balaa kubwa zaidi, na hapa ndipo ninapokugombeza kwa kweli, kaa vizuri.

Mwenye nyumba ni nani? Ni wewe. Kijiko cha mwenye nyumba kikilala, cha mgeni kitaendeleaje kusimama? Mama wa watu anakaa mezani kwako, ana njaa zake za halali, anakungoja uanze naye aendelee, na wewe baada ya vijiko vitatu vya mtu wa benki unatangaza shibe. Afanye nini? Abaki anatafuna peke yake mbele ya mkwe? Ulidhani umemwonyesha heshima. Umemnyima chakula cha jioni mwezi mzima, kwa upole mkubwa, na huku ukimtazama usoni.

Ndiyo maana nataka uisome tena barua yako, fundi, maana umeiandika bila kuisoma. Unasema mayai yanakutoa vipele. Mkeo anasema mayai yamekwenda. Mkeo mwenyewe anakula mezani mpaka anashiba. Mayai hayana miguu. Na katika nyumba hiyo yupo mtu anayeisifu taa ya friji, na taa ya friji, wewe ni fundi unajua zaidi yangu, haiwaki mpaka mlango ufunguliwe. Sisemi kitu. Nasema tu kwamba kwa adabu zenu mmepata wezi wawili badala ya mmoja, na kila mmoja anamhurumia mwenzake bila kujua. Hili la mayai lisikutoke mdomoni. Ni la mama, akitaka atalisema, asipotaka ni mayai tu. Wewe sema la kwako, tena lote, na wala usimtumie mama kama mto wa kulalia.

Utalisema lini? Kabla ya Jumamosi, jioni, mezani, wote watatu mmekaa na chakula kikiwa cha moto. Usianze na hotuba. Usiseme "kuna jambo," wanawake wawili wakisikia mwanamume anasema kuna jambo watadhani umeoa. Sema hivi: "Viazi nilikula mimi. Na wali. Na samaki. Nilikuwa na njaa na nikaona aibu." Kisha chukua kijiko uendelee kula, kwa sababu ukiacha watafikiri umeshiba.

Mkeo atajiuliza umemdanganya mangapi mengine. Mwache ajiulize, ana haki. Atakapoona kwa macho yale ya tepe kwamba unakaa na unakula, atapunguza maswali mwenyewe.

Na kukaa kwenyewe kuanze kesho asubuhi. Amka mapema kidogo, vuta kiti, ule mkate na kitu cha kushikilia tumbo, maharage, ndizi, kiporo cha jana, chochote kisicho yai. Viatu vifungwe baadaye, havina njaa. Siku za kwanza hutasikia hamu, maana tumbo litakuwa bado na kazi ya jana. Kula kidogo hivyohivyo, litazoea haraka kuliko unavyodhani. Mchana beba chakula chako. Mfuko unaoingiza mtungi wa gesi hautakosa nafasi ya bakuli lenye mfuniko. Ikifika saa ya kula weka bisibisi chini, kaa kwenye hizo ngazi zako, kula kwa utulivu. Mwenye nyumba akikukaribisha, mwambie, "Asante mama, nimebeba changu, nikimaliza tunaendelea." Hujala wali wa mtu, bei yako iko palepale, na hakuna atakayekupigia simu kesho kuulizia mngurumo.

Jioni ukifika na njaa, sema nina njaa. Ni maneno mawili, hayajawahi kumuua mtu. Usingojee bafu. Chukua sahani, weka kitu, funga mlango wa friji, kaa chini. Chakula kisicho na sahani hakina mwisho, ndiyo maana unasimamishwa na bomba la maji badala ya tumbo lako. Na mezani, maadamu una mgeni, kijiko chako kiwe cha mwisho kulala. Hata kama umeshiba kweli, chezeachezea mchuzi.

Ukila hivi wiki kadhaa na mikono bado inatetemeka, nenda kapimwe. Hilo si la ukurasa huu, na mimi si daktari, nina masikio tu.

*

Wasomaji wangu mnajua gazeti letu hutoka Jumapili, na basi lilikuwa la Jumamosi, kwa hiyo jibu hili nilimsomea fundi mapema kwa simu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia asante, akaniambia na mimi karibu chakula. Ijumaa usiku akapiga. Alisema amelisema lote, kwa maneno yaleyale, isipokuwa aliongeza kitunguu.

Mkewe aliweka kijiko chini akamtazama kiunoni. "Kumbe ndiyo maana," akasema. "Suruali zako za kazi nimezilegeza kiuno mara mbili, nikadhani nimeuziwa kitambaa kinachorudi kikifuliwa. Muuza vitambaa nimemtukana mpaka na ukoo wake." Kisha akamgeukia mama yake, sauti imekwisha, akasema, "Mama, nisamehe."

Mama mkwe alimaliza kwanza kutafuna. "Nikusamehe nini? Mayai ni mimi." Akajipakulia tena. Barua hii naichapisha kwa ruhusa ya wote watatu, na mama ameomba niandike kwamba yalikuwa yamechemshwa sana.

Fundi anasema kilichomshinda ni zile nguo zilizokunjwa. Aliinuka, akapiga goti kama mbele ya friji, akamwomba mama mkwe afungue mzigo, asiondoke na uchungu, nyumba ni yake, akae mpaka atakapotaka mwenyewe. Alilia kidogo, hilo ameniruhusu nilitaje. Mama mkwe akamtazama kwa mshangao, akamuuliza binti yake, "Huyu vipi?"

Matibabu ya macho yalikwisha Jumatatu. Tiketi ya kurudi Jumamosi mama alikuwa nayo tangu siku aliyofika. Mkewe alijua, jirani alijua, fundi hakuwahi kuuliza. Saa ya basi mama alimuuliza fundi kwa sababu kwenye tiketi imeandikwa kwa herufi ndogo.